Miaka Mitatu Ndani ya Maneno ya Chama: Niliyokosea Nilipochunguza Lugha ya TANU na CCM

Nilipoandikisha mada ya tasnifu yangu mwaka 2017, nilikuwa na hakika kwamba kazi ingenichukua miezi kumi na minane. Nilikuwa nikifundisha Historia na Uraia katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, nilikuwa nimemaliza masomo ya darasani ya umahiri wa Kiswahili, na nilikuwa nimekulia katika nyumba ya babu aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama mtaani, kwa hiyo nilijiona kama mtu anayekwenda kuandika habari za kwao. Mada yenyewe ilihusu namna itikadi na lugha ya chama tawala, yaani TANU na baadaye Chama Cha Mapinduzi (CCM), vilivyobadilika kutoka kwa mwenyekiti mmoja hadi mwingine, kuanzia Mwalimu Nyerere hadi John Magufuli. Iliishia kunichukua miaka mitatu na miezi minne, mkopo wa shilingi 1,800,000 kutoka SACCOS ya walimu, na sura mbili nzima ambazo nilizitupa baada ya kuziandika. Ninayasimulia haya kwa ajili ya yeyote anayekusudia kuchunguza chama cha siasa, hiki au kingine, kwa sababu makosa niliyoyafanya ni ya aina ambayo mtu huyafanya huku akiamini kwamba anafanya vizuri.

Kosa la kwanza lilikuwa kuanza na kaulimbiu. Katika miezi mitatu ya mwanzo nilitengeneza jedwali ambalo lilinipendeza mno: Nyerere na "Uhuru na Kazi", Ali Hassan Mwinyi na neno "ruksa" lililompa jina la Mzee Ruksa, Benjamin Mkapa na "Uwazi na Ukweli", Jakaya Kikwete na "Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya" ya mwaka 2005, kisha Magufuli na "Hapa Kazi Tu" ya mwaka 2015. Mbele ya kila kaulimbiu niliandika itikadi yake: ujamaa, soko huria, ubinafsishaji, na kadhalika. Nikalipeleka kwa msimamizi wangu nikitarajia sifa. Alilitazama kwa muda, akavua miwani, akasema, "Umeniletea jedwali la fulana na kofia. Itikadi iko wapi?"

Niliumia, na kwa wiki mbili sikugusa kazi. Lakini alikuwa amesema kweli. Kaulimbiu hutungwa ili ishangiliwe uwanjani, na chama hakiwezi kutiwa hatiani kwayo. "Uhuru na Kazi" na "Hapa Kazi Tu" zote zinataja kazi, na kama ningehesabu maneno tu ningesema kwamba kati ya 1961 na 2015 hakuna kilichobadilika. Zaidi ya hayo, kile kiitikio ambacho kila mtoto wa rika langu alikijua, "Zidumu fikra za Mwenyekiti", hakitaji jina la mtu. Mwenyekiti wa leo akifikiri kinyume cha yule wa jana, kiitikio hubaki kilekile na fikra zote mbili hudumu. Nilicheka peke yangu maktabani siku nilipoling'amua hilo, na mkutubi akanitazama vibaya.

Kosa la pili lilinigharimu sura nzima. Kama Watanzania wengi, nilikuwa nimezoea kugawa historia yetu kwa awamu, nami nikagawa historia ya chama kwa awamu zilezile. Awamu ni hesabu ya marais, ilhali chama kina hesabu yake. Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985, kwa neno hilo alilolitoa Kizanaki na kuliingiza katika Kiswahili cha siasa, hakuondoka kwenye uenyekiti wa CCM. Alibaki nao hadi 1990, ndipo Mwinyi akaupokea. Kwa miaka mitano, basi, nchi ilikuwa na rais aliyetia sahihi makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na chama kilikuwa na mwenyekiti aliyekuwa amegombana na shirika hilohilo kwa miaka mingi kabla ya hapo. Ukiyasoma magazeti ya kipindi hicho huku kichwani una "awamu ya pili" tu, utadhani chama kimerukwa na akili, kwa maana asubuhi kinahubiri ujamaa na jioni serikali yake inafungua milango ya biashara. Pengo hilo lilijirudia baadaye kwa ufupi zaidi: Mkapa alikuwa rais mwishoni mwa 1995 na mwenyekiti mwaka 1996, Kikwete rais Desemba 2005 na mwenyekiti mwaka 2006, Magufuli rais Novemba 2015 na mwenyekiti Julai 2016. Miezi hiyo ya mpito, kabla mtu mmoja hajavaa kofia mbili, ndiyo yenye lugha ya kuvutia kuliko yote, kwa sababu wasemaji wa chama hawajui bado waongee kama nani.

Vilevile, mlango haukufunguliwa na aliyepewa sifa, au lawama, ya kuufungua. Bajeti ya mwaka 1984, Nyerere akiwa bado Ikulu, ndiyo iliyoruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni bila kuulizwa sana walikozipata. Vyama vya ushirika na serikali za mitaa, vilivyokuwa vimefutwa miaka ya sabini, vilikuwa vimeanza kurudishwa kisheria tangu 1982. Ruksa ilianza kabla ya Mzee Ruksa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba achore mstari wa miaka kwanza, aweke juu yake sheria, bajeti na maazimio, na majina ya viongozi ayaandike mwisho, kwa penseli.

Nije kwenye kazi ya maktaba, ambako fedha nyingi zilipotea kwa uzembe wangu mwenyewe. Nilitumia likizo mbili jijini Dar es Salaam nikisoma magazeti ya zamani, hasa *Uhuru* lililokuwa sauti ya chama, kuanzia miaka ya sitini. Karatasi zake zimekuwa za manjano na hukatika pembeni, vumbi lake linawasha pua, na kunakili ukurasa mmoja mkubwa kuna gharama yake. Katika likizo ya kwanza niliandika dondoo zaidi ya mia mbili kwenye kadi, na zaidi ya arobaini kati ya hizo sikuziandikia tarehe kamili wala ukurasa, nikijiambia kwamba nitakumbuka. Sikukumbuka hata moja. Nilirudi Dar es Salaam kwa siku nne kuzitafuta upya, nikalala kwa shemeji yangu huko Tabata, na nusu ya mshahara wa mwezi ule ikaisha kwa nauli, chakula na kunakili. Tarehe na ukurasa viandikwe kabla ya dondoo yenyewe, maana mkono ukishachoka hauandiki tena.

Kuna kosa lingine ambalo ninaona aibu kulisema kama mtu aliyesomea umahiri wa Kiswahili. Nilianza kulisoma Azimio la Arusha, tamko la TANU la mwaka 1967 juu ya ujamaa na kujitegemea, kwa Kiingereza, kwa sababu tafsiri hiyo ndiyo iliyonukuliwa katika karibu kila kitabu nilichokuwa nacho. Nilipoligeukia toleo la Kiswahili nilikuta chama kingine. Katika Kiingereza kuna neno moja, *exploitation*, kavu, la mambo ya uchumi. Katika Kiswahili kuna kunyonya, na ukisema kunyonya umeshaleta kupe, umeleta mirija, umeleta damu. Mkulima wa Kilosa ambaye hajawahi kusikia jina la Karl Marx alijua kupe anafanya nini kwa ng'ombe. Nguvu ya TANU katika miaka ile ilikuwa hapo, katika kuchukua nadharia nzito na kuiweka katika zizi la mtu. Na nilipokuja kusoma hotuba za miaka ya tisini nikaona kupe wamehama zizini kimyakimya. Hakuna aliyetangaza kwamba unyonyaji umekwisha. Neno liliachwa tu, na mahali pake pakaja utandawazi, sekta binafsi, mitaji na mwekezaji. Azimio lilikuwa limechukua kurasa kadhaa kubishana na wale wanaodhani fedha ndiyo msingi wa maendeleo. Miaka thelathini baadaye chama hichohicho kilikuwa kikizunguka dunia kuitafuta fedha hiyo, na hakikuona haja ya kuijibu hoja yake ya zamani.

Hapo utafiti ukaingia nyumbani. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mama yangu alikuwa akificha miche ya sabuni na khanga chini ya kitanda, akiziuza kwa majirani baada ya magharibi. Kwa lugha ya magazeti niliyokuwa nikiyasoma, mama alikuwa mlanguzi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini, akiwa na meza yake sokoni na bidhaa zilezile, magazeti yalikuwa yakimwita mjasiriamali. Mwishoni mwa 2018, nikiwa katikati ya kuandika, wafanyabiashara wadogo walianza kugawiwa vitambulisho vya shilingi 20,000, na katika hotuba alikuwa sasa ni mnyonge anayetetewa. Mama hakuwa amebadilika hata kidogo, isipokuwa magoti yalikuwa yameanza kumuuma. Nilipomsomea kadi hizo tatu alinyamaza, kisha akauliza kama kitambulisho hicho kinakubalika pia stendi.

Upande wa baba ulikuwa mgumu zaidi. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha umma hapa Morogoro, na kilipobinafsishwa aliondoka na mafao ambayo hayakumaliza hata kupaua nyumba. Chombo kilichosimamia zoezi hilo nchini kiliitwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Nilikaa na neno hilo, kurekebisha, kwa siku nzima. Baba hakuwahi kulitumia hata mara moja. Yeye husema "tulipoachishwa". Nilishindwa kuendelea kusoma, nikatoka nje nikalia, na nilichojifunza ni kwamba mtu anayechunguza maneno yaliyopita juu ya familia yake anahitaji kulisema hilo wazi katika sura ya mbinu, badala ya kujifanya hana upande. Mtahini wangu wa nje alikuja kukisifu kifungu hicho kuliko sehemu nilizozitolea jasho.

Mahojiano nayo yalinifunza adabu. Kipindi kile watu walikuwa waangalifu, na swali la kwanza karibu kila mahali lilikuwa "Umetumwa na nani?" Kibali cha utafiti kilikaa katika ofisi moja kwa miezi mitano, na nilipokipata wazee wawili niliokuwa nimewapanga walikuwa wameshafariki. Anayetaka kuzungumza na wazee asisubiri kibali ndipo aanze kuwatafuta. Awasalimie mapema, ajitambulishe, na kibali kikija awe ameshakuwa mtu wa nyumbani.

Mzee mmoja ndiye aliyeibadilisha kazi yangu. Alikuwa kada, aliyepita Chuo cha Kivukoni enzi kilipokuwa chuo cha chama, na sasa analima bustani ndogo nje ya mji wa Dodoma. Nilimwamkia, nikaanza kwa heshima zote, "Mheshimiwa, naomba..." Akanikatiza. "Mwanangu, mimi si mheshimiwa. Niite mzee kwa kuwa ni mzee, au niite ndugu kama tulivyoitana." Kisha akanieleza kwamba kwake yeye mabadiliko ya chama aliyasikia masikioni kabla ya kuyaona machoni, siku wenzake walipoacha kuitana ndugu katika vikao na kuanza kuitana waheshimiwa. Niliporudi kwenye kadi zangu niliona kwamba nilikuwa nimepuuza kabisa majina ya kuitana, nikidhani si itikadi.

Si kwamba kila alilosema lilikuwa sahihi. Aliniambia kwa uhakika mkubwa kwamba "Siasa ni Kilimo" ilitoka katika Azimio la Arusha, ilhali ni tamko la Iringa la mwaka 1972. Kumbukumbu za wazee hukusanya mambo mengi katika mwaka mmoja mkubwa, na kwao mwaka huo ni 1967. Nilijifunza kutomsahihisha mtu akiongea, bali kwenda kuhakiki jioni. Kosa la namna hiyo nalo ni data, kwa kuwa linaonyesha ni tukio lipi limemeza mengine.

Lakini kwa masharti ya uongozi hakukosea hata neno. Alikunja vidole: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yeye alikuwa na vyumba vitatu alivyopangisha, akaviacha ili abaki kwenye uongozi. Nikamuuliza ilikuwaje mwaka 1991. Akatazama mchicha wake. "Ile ya Zanzibar? Tuliisikia kwa watu."

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar, na maamuzi yake yaliruhusu wanachama na viongozi mambo ambayo masharti ya 1967 yaliyakataza: kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kuwa na kipato zaidi ya kimoja. Azimio la Arusha lilisomwa redioni, likaimbwa, likatembelewa kwa miguu na vijana waliotoka mikoani kuliunga mkono, na shuleni tulilikariri. Lile la Zanzibar halikupata wimbo wala maandamano. Katika jedwali langu la kwanza halikuwemo kabisa, kwa sababu halikuwa na kaulimbiu. Hapo ndipo nilipoitupa sura ya pili na kuipanga tasnifu upya. Kila kipindi sasa nilikiuliza nani anaruhusiwa kuwa kiongozi na kwa masharti gani, na katika sentensi za hotuba nani ndiye mtenda. Katiba ya chama niliyokuwa nayo mezani bado ilisema, kama ile ya 1977, kwamba ujamaa na kujitegemea ndiyo njia pekee ya kujenga jamii ya watu walio sawa na huru. Maandishi ya imani hayakuguswa. Kilichoguswa ni kifungu kinachomhusu mtu na nyumba yake ya kupangisha.

Swali hilo la mtenda ndilo lililoniokoa katika sura ya mwisho, ambamo nilikuwa nakaribia kufanya kosa la hadharani. Nilikuwa nimeona kwamba "wanyonge" ni neno lililojaa katika hotuba za Magufuli, pamoja na mabeberu na vita ya kiuchumi, hasa baada ya sakata la makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, na sheria za maliasili za mwaka 2017. Nilikuwa nimeona pia kwamba unyonge ni neno la msingi katika Azimio la Arusha. Nikaandika kwa furaha kwamba chama kimerudi Arusha. Msimamizi akaniandikia pembeni swali moja: "Wanyonge ni akina nani kisarufi?" Nilirudi kusoma. Katika Azimio, unyonge ni wetu: ni sisi tulioonewa, tulionyonywa na kupuuzwa, na ni sisi tutakaouondoa. Katika hotuba za baada ya 2015, wanyonge aghalabu ni wao: wapo, wanateseka, na wana mtetezi anayesimama mbele yao. Kiambishi kimehama kutoka *tu-* kwenda *wa-*, na pamoja nacho kazi ya kuondoa unyonge imehama kutoka kwa umma kwenda kwa kiongozi. Na masharti ya 1967 hayakurudishwa. Sikatai kwamba mtu anaweza kuisoma tofauti, na mtahini mmoja alibishana nami kwa dakika ishirini juu ya hilo, lakini bado nasimama nayo.

Juu ya miaka ya Kikwete niliandika kidogo kuliko ilivyostahili. Nilichokiona ni kwamba chama kilianza kuzungumza kwa maneno ya wapinzani wake: ufisadi lilikuwa neno la majukwaa ya upinzani kuanzia 2007, na kufikia 2011 CCM yenyewe ilikuwa ikizungumzia kujivua gamba, yaani kujisafisha. Anayefuata aanzie hapo.

Na nilisahau Zanzibar, si ile ya azimio, bali Zanzibar yenyewe. Niliiandika CCM kana kwamba ni TANU iliyobadilisha sare mwaka 1977, bila kuitendea haki Afro-Shirazi Party, chama cha Zanzibar kilichoungana na TANU mwaka huo, iliyoleta neno Mapinduzi ndani ya jina. Huku bara, mapinduzi yanaweza kuwa ya kilimo, ya viwanda, ya kifikra, ni neno la kuazimisha. Unguja yana tarehe, 12 Januari 1964, na watu waliokuwepo. Neno moja, chama kimoja, maana mbili ambazo hazikutani. Nilipewa miezi miwili kurekebisha, nikasafiri kwa boti mara mbili, na hapo ndipo laki tatu za mwisho za mkopo zilipokwisha.

Kabla ya kuwasilisha nakala ya mwisho nilimpelekea yule mzee wa Dodoma sura inayohusu 1991, kwa kuwa nilikuwa nimemnukuu bila kumtaja jina na nilitaka aridhike. Aliniambia nimwachie wiki moja. Niliporudi alikuwa ameisoma yote, na katika kurasa ishirini na sita alikuwa ameweka alama moja tu. Nilikuwa nimeandika, kama vitabu nilivyovisoma, kwamba masharti ya uongozi "yalilegezwa". Alikuwa amelikata neno hilo kwa penseli, kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake ameandika "yaliondolewa".